Mgomba wa Andati

Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha chai ya kamati, kwa hivyo mtu asiniambie kwamba mambo haya niliyaokota njiani. Niliyasikia nikiwa nimeshika birika. Kamati yenyewe iliundwa mapema mwaka wa 1995, ili mji wa Kakamega uadhimishe miaka hamsini tangu viishe vita vile vilivyowapeleka vijana wetu hadi Burma, tuliyoiita Bama. Walikutana katika ukumbi wa kanisa letu, na mwenyekiti alikuwa Mzee Patroba, karani mstaafu, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kuamuru hata anapoomba sukari. Walikuwa na mengi ya kupanga: bendi, hema, mgeni wa heshima, ng'ombe wa kuchinjwa. Lakini jambo kubwa lilikuwa jiwe. Walitaka jiwe lisimamishwe kwenye bustani ya mji, lichongwe majina ya waliokufa vitani, na siku ya sherehe majina hayo yasomwe mbele ya watu wote.

Pascalia alikuwa jirani yangu, ua kwa ua, upande wa Shieywe. Tulimwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa hakuwa na mjukuu wala mtoto. Aliolewa na Andati akiwa msichana wa misheni, na kabla mahindi yao ya kwanza hayajavunwa, Andati akachukuliwa kuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza. Mimba aliyomwachia ikatoka. Vita vikaisha, wenzake Andati wakarudi na makoti yao mazito na hadithi za mvua isiyokatika, lakini yeye hakurudi. Haikuja barua kusema amekufa, wala hakuna aliyesema amemwona akifa. Alipotea tu, na ukoo ukabaki na mwanamke kijana asiyejulikana ni mke wa nani.

Wakataka arithiwe na Isaiah, mdogo wake Andati. Hapo ndipo mama mkwe aliposimama mlangoni na kuwaambia, "Anayerithiwa ni mjane. Huyu si mjane. Bwana yake ako safari, na bibi ya mtu wa safari hatolewangi kwa nyumba." Maneno hayo yakawa ukuta wa Pascalia. Mama mkwe akafa, Isaiah naye akafa, na ukuta ukabaki umesimama. Andati akiwa safarini, shamba ni la Andati, na mkewe analilima. Andati akifa, shamba ni la marehemu asiye na mtoto, na ukoo utakaa chini uligawe. Sisi sote majirani tulijua hivyo, na Pascalia alijua kuliko sisi.

Zamani hilo lilikuwa shamba la mahindi na migomba tu, hakuna aliyelitamani sana. Kufikia miaka ya tisini mji ulikuwa umetambaa hadi kwetu, na nyumba za mawe zilikuwa zinagusa ua wa Pascalia. Ndipo Jairus, mwana wa Isaiah, alipoanza kupita pale mara kwa mara. Huyu Jairus hakuwahi kumletea mama yake mkubwa hata kibiriti. Alikuwa akija kuliamkia shamba, si mwenye shamba.

Basi mchana mmoja Pascalia akaingia ukumbini kamati ikiwa imekaa. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Akasalimu, akangoja aulizwe, kisha akasema anaomba jina la mume wake liwe kwenye jiwe.

Wazee wa keya waliokuwa kwenye kamati wakatazamana. Mzee Barnaba, aliyerudi kutoka Bama na mguu mbovu, ndiye aliyejibu. "Mama, mimi nilimjua Andati. Lakini huyo mtu hajaliliwa, hajazikwa. Tukiandika jina yake kwa jiwe ya wafu, si ndiyo tumemuua sisi?"

"Basi mimi nifanye nini?" akauliza Pascalia.

Patroba alipenda sana kuulizwa swali la namna hiyo. Akavua miwani. "Si tuko na desturi yetu? Mtu akipotea kwa maji ama kwa vita, tunazikanga mgomba. Azikwe kwanza, halafu aandikwe. Hiyo ni kitu ndogo."

Kitu kidogo! Kwetu, mtu asipopatikana mwili, hukatwa shina la mgomba la urefu wake, likavikwa shuka, likatiwa jenezani, likaliliwa na kuombewa. Tangu hapo mtu yule amekufa, na mambo yote ya mfu humfuata. Patroba alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini alikuwa na jiwe la kujaza, na mgeni wa heshima wa kumfurahisha.

Habari hazikulala njiani. Juma lile lile Jairus akaonekana ukumbini, yeye ambaye hakuwahi kuuliza hata kamati ni ya nini, akasema atatoa fahali wa mazishi. Akamshika Pascalia bega na kutangaza mbele ya wote, "Mama atakaa pale kwake mpaka Mungu amwite. Mimi ni mtoto yake." Patroba akakohoa, akasema kamati imesikia na imeshukuru, akaniagiza chai nyingine. Nilimimina chai ile nikimtazama Jairus. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ameshaingia hadi kwenye shati la ndani.

Jioni hiyo nilimwita Pascalia kwenye ua.

"Kukhu, wewe unajua baada ya mazishi kuna nini. Kuna kunyoa nywele. Na siku ya kunyoa, wazee wanakaanga chini wanagawa mali ya mtu."

"Najua, Rosebella."

"Na unamwamini Jairus?"

"Mimi simwamini. Lakini sikia." Alikuwa akipukuchua mahindi, na hakuacha. "Mimi nimemkataza huyu mtu kufa, juu ya nyumba. Wenzangu walilia watu wao, wakamaliza, wakalala. Mimi sijalia hata siku moja. Nikilia, nahama. Sasa nimezeeka, naona nitakufa na yeye bado anazunguka huko porini, hana mtu amemwita. Nimechoka kumkatalia."

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa sababu nilijua mimi ningeshikilia nyumba.

Mazishi yalikuwa mwezi wa saba. Mgomba aliuchagua mwenyewe katika shamba lake, uliokuwa umenyooka, na vijana wakaukata. Jeneza likaonekana fupi. Vijana wakachukua panga ili wapunguze shina, na Pascalia akaweka mkono wake juu. "Msimkate. Andati alikuwa mrefu." Kijana mmoja alitaka kucheka, akaona uso wa mama huyu, akameza kicheko chake. Wakaenda kumwita seremala, jeneza likaongezwa ubao, na watu wote tukangoja juani. Utomvu ulikuwa umeanza kuichafua shuka, ile rangi ya hudhurungi isiyotoka hata ukifua namna gani.

Jeneza lilipoteremshwa ndipo Pascalia alipolia. Nimehudhuria matanga mengi, na najua kilio cha vikongwe, kile cha kuimba kidogo na kupumzika kidogo. Hiki hakikuwa hicho. Alilia kilio cha mke kijana aliyeletewa habari asubuhi ile, akiliita jina la mume wake na jina jingine ambalo nadhani lilikuwa la mtoto wa ile mimba iliyotoka. Mzee Barnaba akapiga saluti. Fahali wa Jairus alikuwa ameshachinjwa, na moshi wa nyama ukatufikia pale pale kaburini.

Siku ya kunyoa ilipofika, Pascalia alinyolewa akakaa kwenye mkeka, kichwa kikimeta, na wazee wa ukoo wakaketi vitini. Jairus alisimama akazungumza vizuri sana. Akasema yeye hamfukuzi mama. Ila marehemu hakuacha mtoto, na shamba ni la ukoo, na mjini siku hizi ardhi hailimwi mahindi, inakatwa ploti. Tatizo ni kwamba nyumba ya mama imekaa pale pale barabara itakapopita. Mama atahamia kwake, kuna chumba nyuma ya jikoni, kikavu kabisa. Wazee wakaitikia. Tumbo lililokula fahali wa mtu halimpingi mwenye fahali.

Nilikwenda kwa Patroba mbio, na kanga yangu ya jikoni bado kiunoni. Nikamkumbusha ahadi iliyotolewa mbele yake. Akanisikiliza huku akipanga kadi za mwaliko. "Rosebella," akasema, "kamati haiingilii mambo ya ukoo." Nikamwambia kwamba kamati ndiyo iliyomwua Andati. Akanitazama kama mtu aliyesikia birika likisema. Watu wengine walisema sheria ya serikali ingemtetea mjane. Labda. Lakini shamba halikuwahi kuandikwa jina la Andati, na Pascalia hakutaka kusikia habari za korti. Alisema tu, "Ngoja kwanza siku yao ya jiwe ifike."

Siku yao ikafika, mwezi wa nane. Bendi ilipiga, mgeni alichelewa, watoto wa shule wakaanguka kwa jua. Kisha kijana mwenye sauti nzuri akasoma majina. Nilikuwa nimekaa na Pascalia nyuma ya hema. Aliposikia "Andati" alisimama. Jina likapita, lingine likafuata, na lingine, na yeye alikuwa bado amesimama na kichwa chake kilichoanza kuota mvi fupi. Watu wa nyuma wakalalamika kwamba anawaziba. Nikamvuta nguo akae.

"Wamemwita," akaniambia. Nitakuwa mwongo nikisema hakufurahi. Alifurahi, na furaha yake iliniuma kuliko kilio chake.

Nyumba yake ilibomolewa kabla ya Krismasi. Alihamia kile chumba cha nyuma ya jikoni, ambacho hakikuwa kikavu. Ploti zikauzwa, na ile yenye kaburi ikamwangukia bwana mmoja mkulima wa Lugari aliyetaka kujenga nyumba za kupanga. Alikuja na mafundi wake, akaona kaburi, akakataa. Alisema yeye ni Mkristo na hawezi kujenga juu ya mtu, arudishiwe pesa zake. Kaburi lenyewe lilikuwa limebonyea katikati, kwa maana mgomba huoza upesi.

Tulitoka majirani kutazama. Pascalia naye alikuja, akasimama karibu nami. Jairus alikuwa akitokwa na jasho, akimshika yule bwana mkono.

"Hapana, mzee, usiogope. Hakuna mtu hapa. Huyo baba alipotea huko Bama, hata hatujui kama alikufa. Hapa tuliweka mgomba tu. Chimba, utaona mwenyewe."

Bwana wa Lugari akafikiri, kisha akawapa mafundi ishara kwa kidevu. Jembe la kwanza likaingia.

Pascalia akapenya katikati ya watu hadi akasimama mbele ya Jairus. Hakupaza sauti.

"Umesema ni mgomba?"

"Mama, hii ni maneno ya biashara."

"Kama ni mgomba, basi mimi si mjane. Bwana yangu ako safari. Nirudishie nyumba yangu."

Bwana wa Lugari alitazama viatu vyake, na mafundi wakaendelea kuchimba. Jairus akatabasamu kidogo kutuonyesha sisi wengine kwamba ni uzee, akamshika mkono kwa upole kabisa, akasema, "Twende nyumbani, mama, jua ni kali." Na Pascalia akaenda, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba wanaweza kulikata watakavyo, lakini upole ule sijamsamehe Jairus hata leo.