Mwalimu Kiama, Mla Mapumziko

Peterson Kiama hajawahi kuona dakika ya mtoto asiitamani. Ni naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi pale Noonkopir, mtaa wa Kitengela, yenye geti jekundu na kauli mbiu ndefu kuliko uwanja wake, na miaka yote kazi yake imekuwa kula. Alianza na kipindi cha michezo. Akakimeza, akakitapika kikiwa hesabu. Akahamia mapumziko ya saa nne, akayatafuna mpaka yakabaki ya kwenda choo tu, tena kwa zamu. Kisha akakigeukia kipindi cha muziki cha Mwalimu Wanjira. Wanjira alipouliza watoto wataimba lini, aliambiwa mtihani hauimbwi.

Ugonjwa huu aliutoa nyumbani. Baba yake alilima nyanya kule Illasit, mzee aliyeamini maji hayawezi kuzidi. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia mchana, jioni akafungulia mtaro. Mizizi ikaoza. Familia iliposimama kuliangalia shamba lililokufa, mzee alitikisa kichwa akasema alijua tu, angeongeza maji kidogo. Kiama alikuwa hapo, mtoto mwenye masikio mazuri. Akaibeba hekima hiyo mpaka chuo cha ualimu, na huko wakaipa cheti.

Basi gari la shule likawa linazoa watoto Kitengela nzima kabla jogoo hajapangusa macho. Walipanda wamelala, wakashuka wamelala, na darasani walifungua macho kwa heshima tu. Alama zikashuka. Kiama akaongeza kipindi cha alfajiri. Zikashuka tena, akaongeza Jumamosi. Mgonjwa akizidi kudhoofika, yeye anatafuta kijiko kikubwa zaidi.

Mwaka huu, hata hivyo, kulikuwa na kiti. Mwalimu mkuu alikuwa anastaafu, na mwenyekiti wa bodi, Mzee Parsaoti, mwenye ng'ombe upande wa Kajiado na ploti kila kona ya Noonkopir, si mtu wa mahojiano. Aliwaita Kiama na Wanjira pamoja akamaliza mambo akiwa amesimama.

"Mtihani wa kufungua muhula wa tatu ndio utasema. Gredi ya tisa wakipanda, Kiama, kiti ni chako. Wakishuka, anakalia huyu mama."

Kiama alianza kukiota kiti hicho kabla hajafika nyumbani. Lakini katikati ilikuwepo likizo ya Agosti, na masomo ya likizo yamekatazwa, kila mtu anajua. Kila mtu anajua pia dawa ya katazo: watoto wanakuja na nguo za nyumbani, vitabu vimefichwa chini ya sukuma wiki, geti linafungwa. Kiama akaona hizo ni mbinu za kishamba. Yeye alitundika bango barabarani, mchana kweupe: KAMBI YA KWAYA NA MAOMBI. Wazazi wakamshukuru Mungu. Hakuna mzazi wa Kitengela ambaye amewahi kulilia Agosti nzima na mtoto wake.

Hesabu zikaendelea chini ya bango, mpaka mtu akanong'ona na ofisi ya elimu ikamtuma Bi Zipporah. Sasa, Zipporah ni afisa siku za kazi, lakini Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani kwao. Aliliona lile bango akasahau kilichomleta. Akaingia darasani, akaketi dawati la nyuma, mkoba magotini, akaomba wimbo mmoja tu. Wowote.

Kiama akawageukia watoto, akapunga mkono kama alivyoona wenzake wakipunga. Watoto wakautazama mkono. Hawa walikuwa hawajaimba tangu muziki uliwe. Ndipo Seleyian, msichana wa dawati la mbele mwenye huruma kuliko akili ya kukaa kimya, akaanzisha kitu pekee walichokuwa nacho kichwani wote.

"Eneo la duara ni pai, mara redio, mara redio."

Darasa zima likadaka, rediasi ikiwa redio kwa wote. Walikariri kwa mdundo, wakipiga madawati, na walipofika mzingo wa duara mvulana mmoja akaweka besi. Zipporah alingoja mpaka wakamaliza.

"Mwalimu, huo uko kwa kitabu gani cha nyimbo?"

"Ni pambio jipya, madam."

"Na sauti ya pili ni akina nani?"

Kiama akaonyesha walioketi dirishani. Zipporah akamuuliza Seleyian, kwa upole, duara lenyewe ni nini.

"Hatujafika hapo, madam. Bado tuko kwa kukariri."

Kambi ikafungwa papo hapo. Kiama aliwafuata watoto mpaka getini akiwasihi wakasome nyumbani, na watoto wakaahidi wakiwa tayari wanakimbia. Seleyian alipelekwa kwa nyanya yake upande wa Kajiado, akalala mpaka jua likamchoka, akakamua mbuzi, akacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na binamu zake. Wengine walilala tu. Kuna mmoja wa Noonkopir ambaye mama yake alimpeleka hospitali kwa kulala. Daktari akamwambia mtoto amelala.

Shule zikafunguliwa, mtihani ukafanywa, na gredi ya tisa wakapanda kuliko walivyowahi kupanda. Wanjira alimwambia mwenyekiti ukweli: watoto walipumzika, basi. Mzee Parsaoti, ambaye akimkuta mchungaji anamsumbua ng'ombe aliyelala kucheua humfukuza siku hiyo hiyo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ahadi ni ahadi. Kiama akapata kiti. Katika hotuba yake alieleza kwamba ile kambi iliwasukuma sana, na kama haingekatizwa, alama zingefika mbinguni. Wazazi wakampigia makofi.

Siku ya pili akamwita Wanjira ofisini, akamwambia ametafakari, na muziki utarudi shuleni. Wanjira alikaribia kutabasamu. Watoto wajifunze wimbo mmoja, akasema Kiama, wenye sauti ya pili inayoeleweka, uwe tayari kabla ya kambi ya Desemba.

"Na muda wa kuufundisha, Mwalimu?"

"Si wako na ule wa kula lunch?"