Mtabiri na Mataulo ya Kinyozi

Mume wangu ni fundi saa, na saa ya ukutani kwetu imesimama tangu mtoto wetu wa mwisho alipoanza kutambaa. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Nikiuliza, naambiwa fundi wa kweli hahangaiki na saa moja, yeye anauelewa wakati wenyewe. Namshukuru Mungu kwa kunipa mume anayeuelewa wakati, maana mimi nauona ukipita tu.

Kipaji chake cha pili ni kutabiri. Hatabiri mvua wala bei ya unga, mambo ambayo yangetufaa. Anatabiri matokeo ya sataranji. Tena si ile ya wazee wanaosinzia juu ya ubao. Ni ile ya haraka, wanayocheza mabingwa wakubwa wa dunia, saa ikiwa mezani kati yao. Ukizubaa, saa inakumaliza kabla ya adui yako. Mashindano yakianza, wanaume wa mtaa wetu hujazana kwa kinyozi mwenye televisheni, na kila mmoja hutaja nani atamfunga nani na wapi itakuwa sare. Wengi wao, ukiwapa ubao, hawajui hata farasi anarukaje. Lakini kutabiri hakuhitaji kujua, kunahitaji sauti.

Sauti mume wangu anayo. "Huu ni mchezo wa saa," huwaambia, "na mtu wa saa hapa ni nani?"

Wana desturi yao pale. Aliyekosea kuliko wote siku hiyo hubeba mataulo machafu ya kinyozi, akayafue na kuyarudisha makavu. Aliyeitunga ni kinyozi mwenyewe. Watu humwita mpole, lakini mimi sijaona mpole mwingine aliyejitungia desturi ya kufuliwa bure.

Sasa mtu wa saa alirudi nyumbani na nini, kila mashindano, mwaka baada ya mwaka? Ndoo.

Mara hii alikuwa amemshikilia bingwa mmoja wa zamani, ambaye wao humwita Mzee Barafu kwa sababu hacheki. Siku ya kwanza Barafu alifungwa mapema asubuhi, ikaja ndoo. Siku iliyofuata mume wangu akaapa Barafu atashinda michezo yote. Barafu akaambulia sare tupu, ikaja ndoo nyingine.

"Anawavuta," aliniambia akivua viatu. "Anawaacha waje karibu, halafu utaona."

"Na mataulo?"

"Yaloweke, mama watoto. Wewe mkono wako mwepesi."

Mkono wangu mwepesi. Nywele za kinyozi ni fupi na kali kama miiba ya samaki, zinaingia chini ya kucha na kukaa humo. Kuna damu ya wembe, ambayo ikiguswa na maji ya moto haitoki tena. Kuna rangi nyeusi ya wazee wanaotaka kuwa vijana. Niliyaloweka, nikayasugua, nikayaanika, yenye doa nikayarudia. Yeye aliyakunja vizuri, akayapeleka. Kukunja anajua.

Nilikuwa natafuta kazi ya kudumu. Kufulia watu hapa na pale ni kazi ya kungoja kuitwa, na tumbo halingoji. Niliposikia kinyozi anafungua duka la pili na anatafuta mtu wa kumfulia kwa mshahara, nilivaa gauni langu la heshima nikaenda.

"Shemeji, umechelewa," kinyozi akasema. "Kazi nimeshampa mwenye mikono yake."

"Nani huyo?"

"Si mumeo! Sijaona mwanamume anayefua kama yule. Anasema siri ni subira. Anaamka alfajiri wewe ukiwa umelala."

Nilitazama mataulo rafuni, meupe kama meno ya mtoto. Kumbe nilikuwa nimelala. Nikasema, "Hongera yake," nikaondoka. Mke akipiga kelele kwa kinyozi huwa ni burudani tu, na burudani tayari walikuwa nayo.

Nyumbani nilimuuliza. Hata hakuona haya.

"Kwani kuna tofauti gani? Kazi ikija kwangu imekuja kwetu. Mimi nitapokea mshahara, wewe utafua. Ndoa ni kusaidiana."

Siku ya mwisho ya mashindano, mchana, nilirudi kwa kinyozi. Wote walikuwepo, wakingoja mchezo wa mwisho wa Barafu.

"Karibu, shemeji!" akapaza sauti muuza vocha, ambaye mdomo wake haujui kufunga duka. "Umekuja kutabiri?"

"Nimekuja kutabiri," nikasema. "Natabiri kwamba huyu fundi wenu hawezi kufua taulo hata moja."

Walicheka mpaka mteja mmoja akakatwa sikioni.

"Na ukikosea?" kinyozi akauliza.

"Nikikosea nitakufulia bure mpaka nizikwe. Nikipatia, kazi ni yangu, na mshahara unaniwekea mkononi mwangu mimi."

Kinyozi alipiga hesabu haraka, akaona hapotezi kitu. "Nimekubali."

"Mama watoto," mume wangu akaninong'oneza, "unataka kuniaibisha mbele za watu?"

"Nitakuaibishaje? Si unafua kila alfajiri?"

Wakampeleka uani kwenye bomba, na ndoo ya siku ile ikaletwa. Muuza vocha akaweka simu yake juu ya ukuta ihesabu robo saa, maana mchezo wa haraka lazima uwe na saa. Wanaume wote wakaiacha televisheni ikiongea peke yake.

Mume wangu akakunja mikono ya shati. Akaitazama ndoo, kidevu kiganjani, vilevile anavyofanya Barafu.

"Anafikiri," mmoja akanong'ona kwa heshima.

"Saa inakwenda, Fundi!"

Akamwaga sabuni ya unga, pakiti nzima. Akaagiza birika la maji ya moto. Ndani ya ndoo, katikati ya mataulo, kulikuwa na shuka jipya la kunyolea, jekundu, halijawahi kuguswa na maji. Mtu yeyote aliyewahi kufua hata soksi angelitoa kwanza. Yeye alilimwagia birika lote, akakoroga kwa mti, akafurahia povu.

"Mnaona povu hilo?" akawauliza.

Waliliona. Lilikuwa linageuka rangi.

Taulo la kwanza lilitoka likiwa rangi ya waridi. La pili likamfuata mwenzake. Madoa ya damu nayo yalikuwa yamekaa imara, yakitutazama.

"Fundi," kinyozi akasema taratibu, "hii ni mbinu gani?"

"Yakikauka yanarudi."

"Mfalme amekufa," muuza vocha akasema, kama watu wa sataranji mchezo ukiisha, akaizima simu.

Kinyozi aliniangalia mikono kwa muda, kama aliyekuwa hajawahi kuniona nayo. "Shemeji, anza Jumatatu," akasema. Kuniomba radhi hakukumbuka.

Waliporudi ndani, mchezo wa mwisho ulikuwa umekwisha. Barafu alikuwa ameshinda. Utabiri pekee wa mume wangu uliopata kuwa kweli ulitimia mbele ya viti vitupu. "Nilisema!" alipiga kelele, mikono yake ikiwa myekundu mpaka viwiko. "Si nilisema?" Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanagombania nani amchague nani mashindano yajayo.

Nafanya kazi sasa. Mtaani mume wangu anasimulia kwamba aliyaharibu mataulo yale makusudi ili mkewe apate riziki. Alikuwa ananivuta, anasema, nije karibu, halafu watu waone. Wapo wanaomwamini, na wengine wanamsifu kwa moyo wake.

Juzi nilipokea mshahara wa kwanza. Jioni aliniuliza nimeuweka wapi.

Nilimwambia atabiri.