Usibishane na Kufuli la Mtu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mjukuu wangu, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo. Nilidhani nimeizika pamoja na babu yako. Kumbe ilikuwa inakungoja wewe.

Jana umeniletea simu ukicheka. Nikavaa miwani, nikaona mikono yako kwenye video, nikazijua zile nyaya za babu yako za kufungulia makufuli ulizozitoa kwenye kopo lake, na nikaujua mlango wa jirani yetu Achieng wa ghorofa ya juu. Ukachokonoa kufuli lake likafunguka, wenzako wakapiga kelele, ukasukuma mlango simu ikachungulia mpaka kitandani, kisha ukafunga. Nikakuuliza mwenye nyumba alikuwa wapi.

"Alikuwa job, shosho. Na hatukubeba kitu! Tulifungua tu, alafu tukafunga. Watu wameipenda hiyo video, si mchezo."

Hamkubeba kitu! Keti hapo. Hiyo simu iweke chini, na uniache nimalize.

Nilipohamia mtaa wa Umoja, Nairobi, nilikuwa msichana, nimetoka kwa dada yangu mkubwa ambako nilikuwa nalala jikoni. Kile chumba kilikuwa cha kwanza maishani kuwa na mlango wangu mimi. Kabla sijanunua sufuria nilinunua kufuli. Nilikuwa nashona sokoni Gikomba, napunguza suruali za mitumba kutwa nzima, na jioni nikirudi, kule kuuzungusha ufunguo wangu kulinipendeza kuliko chakula. Usicheke. Wewe umezaliwa ukiwa na mlango.

Wambua, kabla hajawa babu wa mtu, alikuwa kijana wa chumba cha pili kutoka kwangu. Alipenda makufuli vile vijana wenzake walivyopenda mpira. Alikuwa akiyatafuta Gikomba yale yaliyopotelewa na funguo, anakaa nje kwenye kigoda chake na waya za mwavuli alizozinoa mwenyewe, anachokonoa mpaka linaachia. Kisha analifunga anaanza upya. Hakuna aliyemwogopa. Ukipoteza ufunguo ulimwita, mkasimama pamoja mlangoni, akakufungulia, basi. Na mimi, kwa kuwa umeshakuwa mkubwa nikwambie, nilikuwa nimeanza kumpenda.

Basi Jumamosi moja, siku yangu ya kuzaliwa, narudi mchana na kukuta kufuli langu linaning'inia kwenye komeo, wazi, wala halijavunjwa. Ndani nasikia watu. Nikaokota jiwe. Mara mlango ukafunguliwa kwa ndani, na ni Wambua, meno yote nje.

"Sapraizi! Karibu, Nyokabi! Karibu ndani!"

Unasikia lakini? Mtu ananikaribisha kwangu.

Nyuma yake walikuwa rafiki zake wawili na msichana niliyekuwa nikishona naye. Keki mezani, soda, makofi. Macho yangu yakaenda moja kwa moja juu ya kitanda. Kamba ya nje pale kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa ya wote, kwa hiyo nguo zangu za ndani, na vitambaa vyangu vya mwezi, nilivianika chumbani, juu ya kitanda, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Kamba ilikuwa tupu. Vyote vilikuwa vimekunjwa na kupangwa juu ya mto.

"Nani amekunja hizi?"

"Ni mimi," akasema Wambua, na majivuno juu. "Nilitaka ukute nyumba imekaa vizuri."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado wanacheka! Yule mwenzangu wa kazini ananiambia, "Bahati yako. Mimi hata peremende sijawahi kuletewa." Nimesimama nje ya mlango wangu na jiwe mkononi, naambiwa nina bahati.

Kelele hizo zikamtoa Mama Rukia, jirani yetu ambaye mumewe alikuwa muuza mbuzi soko la Kiamaiko. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akalitazama kufuli, akanitazama mimi, akaelewa. Akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo.

"Hodi?"

"Karibu, Mama Rukia!" Wambua akaitikia. "Ingia ule keki."

Hakusogea. "Sijakuuliza wewe. Hodi, mwenye nyumba?" Na akanigeukia mimi.

Nikafungua mdomo niseme karibu, neno likagoma. Ningemkaribishaje mtu ndani na mimi mwenyewe niko nje? Nikaangua kilio pale pale.

"Umeona?" Mama Rukia akamwambia Wambua. "Sisi tumefunzwa hodi ni mara tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka. Wewe ulipofika hapa ukakuta kufuli, lilikwambia nini?"

"Lakini mama, ilikuwa sapraizi tu..."

"Lilikwambia mwenyewe hayupo. Mtu aliyelelewa akiambiwa hivyo anageuza. Wewe hukubisha hodi, umebishana na kufuli! Toka. Tokeni wote, na hiyo keki yenu mtoke nayo."

Wakatoka. Kesho yake nikanunua kufuli jingine, kubwa, zito. Nilikuwa nimeshafika nalo mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hili nalo atalifungua. Ningenunua lipi, mwanangu, ambalo yeye lingemshinda? Nikawa nalala nimesukumia meza mlangoni. Nikaanza kuulizia chumba mtaa mwingine, mimi niliyekipenda kile chumba vile.

Wambua akaja akasimama nje. "Nisamehe, Nyokabi. Lakini unajua sikuchukua kitu."

Maneno yale yale yako! Nikamwambia, "Afadhali ungechukua redio. Mwizi angebeba redio akaenda zake, nikalia, nikasahau. Hangenikunjia nguo. Wewe nitakutazamaje kila asubuhi pale bombani?"

Akarudi kwake, na kwa siku nyingi tukawa tunapishana kama watu wasiojuana.

Kisha ufunguo wangu ukaanguka Gikomba kwenye matope. Nikafika nyumbani nimelowa chepechepe, mlango umefungwa, na Wambua huyo kwenye kigoda chake na kufuli lake mkononi. Aliniona nikihangaika, hakuinuka. Ilibidi nimwite mimi.

"Ni wewe unaniambia nifungue?" akauliza.

"Ni mimi."

Akamwita kwanza Mama Rukia aje asimame hapo. Akafungua, akaliweka kufuli kiganjani mwangu, na mlango hakuugusa hata kwa kidole. Nilipoingia alikuwa ameutazama ukuta.

Niko ndani najifuta maji, nikasikia nje, "Hodi?"

Nikanyamaza. Nilifanya makusudi, na sijutii. Akaita tena. Nikanyamaza. Akaita mara ya tatu. Kisha nikasikia kigoda chake kikikwaruza sakafu. Alikuwa amerudi kukaa. Mlango ulikuwa wazi, kufuli liko mkononi mwangu, na mtu huyu aliyeweza kuingia popote alikuwa amerudi kukaa. Usiku ule meza niliirudisha mahali pake.

Lile neno karibu nilimpa baadaye, siku niliyotaka mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hasira yangu si juu ya makufuli. Mchezo huo ni mzuri, unafunza mikono subira, na babu yako aliucheza mpaka macho yakamwisha. Lakini kufuli unalolichokonoa liwe lako, ulilolinunua likakaa mezani kwako. Likiwa la mwingine, mwenyewe awepo na akwambie kwa kinywa chake. Na likiwa mlangoni, linalinda nyumba ya mtu, usiliguse hata ukidhani unamtendea wema. Na usiniambie tena hamkubeba kitu. Jana nimekutana na Achieng dukani, hakunisalimia. Alikuwa ananunua kufuli jipya, kubwa, zito. Ameshaiona video, na kitanda chake humo ndani watu wanakitazama.

Nyaya za babu yako zirudishe hapa mezani. Hiyo video iondoe sasa hivi nikiona. Kisha panda juu, simama mbali na mlango, upige hodi. Akijibu, omba msamaha na usijitetee. Asipojibu mara ya tatu, shuka polepole, ahakikishe kwa masikio yake kwamba umeshuka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye haya. Na kila mlango utakaobisha maishani mwako, akujibu karibu mwenye nyumba mwenyewe.