Fundo Nililosimama Chini Yake

Mwanangu, mimi hakuna kitu kinachonishangaza. Nilianza na baiskeli ya kuazima, leo nina malori mawili na nyumba ya matofali ya kuchoma, na shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi. Nimeona mamba akifukuzwa na mwanamke kwa sufuria. Nimeona wachimbaji madini wa Pangi wakiingia mjini asubuhi matajiri, na jioni wanaomba sigara. Vyote nilivipita kama mtu anayepita ua wa jirani. Ila iko siku moja naikumbuka, nikiwa kijana, ambayo maskuti, vijana wa skauti wa mtaa wa Mikelenge, walinifunga mdomo. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile maskuti waliporudishiwa ruhusa. Kabla ya hapo vijana wote walikuwa chini ya chama kimoja cha serikali: wacheze ngoma ya chama, waimbe wimbo wa chama, basi. Wale wa Mikelenge waliporudi walikuwa wachache, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na fulari shingoni, kitambaa cha kijani alichoshonewa na mama yake. Watu wakawacheka. Walikuwa wakisalimiana kwa mkono wa kushoto, na katika mji wetu huu wa Kindu, mji wa wazee wa kanzu na tasbihi, nani anampa mwenzake mkono wa kushoto? Lakini walifagia ua wa zahanati bila kutumwa. Waliwachotea maji vikongwe. Mwizi alipovunja nyumba ya mjane mmoja, wao njo walimtengenezea mlango. Polepole kicheko kikapoa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Basi mvua moja kubwa ikabeba daraja la kijito kinachotenga mashamba na mji. Tukaitwa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tulifika na mapanga, tukaimba, mkubwa wa mtaa akahutubia, tukarudi nyumbani. Daraja halikuota.

Mimi wakati ule mali yangu yote niliiweka kwenye mchele, magunia manane niliyoyakusanya vijijini. Mnunuzi alikuwa mji wa Kongolo, bei tumeshapatana, na treni ya kwenda kule ilikuwa kituoni, inaondoka alasiri hiyo. Na treni yetu, mwanangu, ikishaondoka unaweza kuoa na kupata mtoto kabla haijarudi. Nilijua nikiikosa nitauza kwa hasara, mimi na kazi ya kubebea watu mizigo tena.

Nikafika kijitoni na mchele wangu, nimeusukuma kwa baiskeli magunia mawili mawili, nikawakuta maskuti. Tangu alfajiri walikuwa wamelaza miti kutoka ukingo hadi ukingo, na sasa wanaifunga kwa kekele, zile kamba za mwituni. Msumari hata mmoja hakuna. Shefu wao, mwalimu wa shule ya msingi, ameketi pembeni ananoa panga. Kazi ameiacha mikononi mwao. Aliyekuwa akiongoza ni msichana anaitwa Feza, binti wa muuza mikate, mwembamba kama mwiko.

"Dada, nipitishe," nikamwambia. "Treni hainingoji."

"Bado, yaya," akajibu, akiniita kaka mkubwa. "Upande huu haujaisha."

Nikatoa noti ya zaire kumi, nikaipepea wote waione. "Basi, hii ya soda, mumalize mbio."

Hakuiangalia mara mbili. "Noti inafunga miti, yaya? Rudisha mufukoni, itaanguka kwa maji."

Mzee Mbaruku, muuza vitambaa aliyekuwa akingoja kuvuka kama mimi, akacheka ndani ya ndevu zake. "Kijana, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ngoja wenye kazi."

Ndipo akanieleza desturi yao. Mzigo wa kwanza ukipita, wote waliofunga wanashuka majini, na kila mmoja anasimama chini ya fundo lake mwenyewe mpaka mzigo uvuke. Nikamuuliza Feza, upumbavu gani huo?

"Ju mikono isidanganye," akasema. "Mutu akijua atasimama chini, anafunga kama anafunga roho yake."

"Leta kamba," nikamwambia. "Nitafunga, na chini nitasimama. Magunia ya soko letu yote yanapita mikononi mwangu, nani wa kunifundisha kufunga?"

Akanipa kiungo cha mwisho. Kekele zilikuwa zimelowekwa ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojaa maji, lakini kamba mbichi inateleza mkononi, na mimi nina haraka. Nikachukua kavu. Nikaweka mguu juu ya mti, nikavuta mpaka mishipa ikasimama. Fundo likakaa zuri, mwanangu, la kupiga picha.

"Umelowesha?" Feza akauliza.

"Fundo ni fundo."

Akachota maji kwa kofia yake, akayamwaga pale. Tukangoja kidogo. Kekele ikalegea kama nyoka aliyeshiba. Akaingiza vidole viwili, akalifungua.

"Yaya," kijana mmoja akasema toka ng'ambo, "hiyo njo fundo ya kufungia mbuzi ya jirani. Usiku unafunga, asubuhi iko kwako."

Ukingo wote ukacheka, hata mwalimu akaacha panga. Kule mjini treni ikapiga honi.

Feza hakucheka. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Wacha, nitafunga mie, ni mara moja tu. Utawahi treni. Lakini chini hautasimama."

Hapo njo ningeweza kumwachia. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mchele ungefika. Lakini mtu mzima nimesema mbele ya watu nitafunga. Nikachukua kekele iliyolowa, akanionyesha inavyozungushwa na inavyokazwa kwa kijiti. Nilipomaliza akavuta, akatikisa kichwa kukubali: inatosha. Nikaliangalia fundo lile. Nikayaangalia maji mekundu yanayokwenda kwa hasira chini yake. Nikalifungua mwenyewe, nikaanza upya.

Honi ya pili ilipopigwa nilikuwa bado nakaza. Hakuna aliyenihimiza.

Tukashuka majini, yakatufika kifuani. Mwalimu mwenyewe akasukuma baiskeli yangu juu na magunia mawili ya kwanza. Miti ikalia. Nilitazama fundo langu jinsi mama anavyomtazama mtoto mwenye homa, na lenyewe halikutikisika. Daraja lile lilivumilia misimu mitatu ya mvua, na mafundo yote, langu likiwemo, yalikuwa bado yameuma mti siku walipoleta la saruji.

Maskuti wakanisaidia kusukuma magunia mbio hadi kituoni. Tukakuta reli tupu na wauza ndizi wanakunja vitambaa. Nilikaa juu ya mchele wangu. Wale vijana, wenye matope mpaka masikioni, waliubeba mchele hadi shuleni kwao wakaufunika kwa hema lao, na mvua iliponyesha usiku ule haukulowa. Niliwapa tena ile noti. Wakaikataa tena.

Mwanangu, hii njo nasaha yangu. Kila kazi ya mkono wako, jitafutie mahali pa kusimama chini yake kabla hujampitisha mwenzako juu. Fundi akinijengea nyumba, mvua ya kwanza tunalala ndani yeye na mimi. Akinitengenezea breki za lori, mlima wa kwanza tunashuka pamoja. Kwa njia hiyo nimefika nilipofika, na wenye vyeti wananiamkia. Na mtoto wako akitaka fulari, mshonee. Mungu akupe mikono isiyodanganya, akupe na watu wa kukucheka mapema, kabla maji hayajajaa.

Mchele niliuza hapahapa, soko la Mikelenge. Ukitoa bei hiyo kwenye ile ya Kongolo, fundo lile lilinigharimu zaire sitini na nne na makuta hamsini, zaire za wakati ule, si hizi za kubeba kwa kikapu.