Kofia ya Taa na Kiti cha Baba

Nakumbuka siku moja kwa sauti yake, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka kwa sura. Ni sauti ya kitabu kinene kikifungwa. Pap, halafu kimya. Baba alikuwa amekaa mezani, mimi nimesimama mlangoni nikitazama kazi ya mikono yangu ikining'inia juu ya kichwa chake, na sauti ile ikanipita nisijue maana yake. Niliielewa baada ya siku nyingi. Nakusimulia wewe kwa sababu umeniandikia kwamba umepata nyumba na unataka kutengeneza kitu kizuri cha kuning'iniza juu ya meza. Tengeneza. Lakini nisikilize kwanza.

Miaka ya hamsini tulikaa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwetu ni Bunyore, ila baba alifuata kazi, na sisi tukamfuata baba. Tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za gari moshi pale stesheni, kazi ya kusimama nje jua likiwaka na mvua ikinyesha. Alitaka kuwa gadi, yule mtu anayekaa behewa la mwisho na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu. Kufika huko kulikuwa na mtihani, na mtihani wote ulikuwa ndani ya kile kitabu kinene cha kanuni. Alikuwa ameshaanguka mara moja. Mkubwa wake akamwambia atampa nafasi moja tu iliyobaki, basi. Kwa hiyo kila jioni baba alikaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, akifuata mistari kwa kidole na midomo ikisogea, mpaka mama alipopakua ugali. Akila, anarudi kitabuni.

Mwaka ule ndio tulikuwa tumewekewa stima. Balbu moja, uchi, kwenye waya katikati ya chumba. Mama alisema inafanana na kuku aliyenyonyolewa. Lakini iliangaza, na baba aliipenda.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikabaki nyumbani kumsaidia mama, na kichwa changu hakikukaa nyumbani hata siku moja. Nilikuwa naweza kufagia chumba kile kimoja huku nikipanga sebule, maua na viti vya wageni ambavyo hatukuwa navyo. Mama akiniita mara tatu ndiyo nasikia. Sikuwa na huzuni yoyote, usidhani. Nilikuwa naishi vizuri sana huko kichwani.

Sasa, shangazi yangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya mzungu mmoja huko Njoro, shamba la ngano. Nilienda siku chache kumsaidia kufua mapazia. Sebuleni mle ndimo nilimoona kofia ya taa kwa mara ya kwanza. Sisi tuliita hivyo, kofia, kwa sababu ndivyo ilivyokaa: taa imevishwa kitambaa cha hariri, nyuzi zinaning'inia pande zote. Nilisimama chini yake mpaka shangazi akaniuliza kama nangoja tunda lianguke.

Nilirudi Nakuru na kipande cha waya wa kufungia nyasi za ng'ombe, alionipa mtu wa shamba, na nia moja tu. Hariri sikuwa nayo. Nilikuwa na katani, na nilikuwa na mikono ya nyanya yangu.

Hapo nikueleze kidogo. Nyanya, mama yake baba, alinifundisha kusuka vikapu vya nafaka nikiwa mdogo. Alikuwa na njia yake ya kupima kazi. Ukimaliza, anamimina wimbi ndani, anakiinua kikapu, anakitikisa juu ya kitambaa cheupe. Ikianguka punje moja tu, unafumua unaanza upya. Nilifumua nikilia, miaka mingi. Mwisho nikawa nasuka kikapu ambacho hata unga haupiti. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, na kwetu ni sifa kubwa kwa msichana.

Basi nikasuka kofia ya taa kwa majuma matatu. Nilikunja waya ukawa mduara mkubwa chini na mdogo juu. Katani nyingine nilichemsha na maganda ya miti ikawa nyekundu kama udongo, nyingine nikaiacha nyeupe, nikapanga milia inayozunguka. Sehemu ya chini niliivuta ndani, ikakaribia kujifunga, kama chungu kilichopinduliwa, kwa sababu niliona inapendeza hivyo. Nilisuka kwa kubana. Nilipomaliza niliitikisa kama nyanya alivyofanya, nikacheka peke yangu.

Baba aliifunga darini Jumapili mchana. Watu wa kwetu Bunyore waliokaa pale Nakuru walikuja baada ya kanisa, na walikuja mapema, maana siku zile za Hali ya Hatari kila mtu alitaka kuwa kwake kabla ya jua kuzama. Akina mama waliigusa, wakaizungusha, wakauliza maganda ni ya mti gani. Mmoja alisema nikiolewa itabidi mume ajenge nyumba ifanane na taa. Mwingine akasema hajawahi kuona suko limekaza hivyo tangu aondoke Bunyore. Hakuna aliyebonyeza swichi. Ilikuwa mchana, nani angewasha taa?

Wageni walipoondoka na giza likaanza, mama akawasha. Mimi nikakimbia mlangoni nione vizuri. Milia ile ilijitokeza kama kaa la moto, mwanangu, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Baba aliitazama, akatabasamu, akasema sasa tuna nyumba ya watu wakubwa. Akafungua kitabu. Akakisogeza karibu na uso. Akakiinamisha huku na huku. Halafu, pap.

"Macho yamechoka leo," alisema.

Siku iliyofuata macho yalichoka tena. Na iliyofuata. Nilimhurumia, nikamwambia mama labda ni vumbi la stesheni. Mama alinitazama, akaendelea kupepeta mchele karibu kabisa na mlango, mahali ambapo hakuwa akipepetea zamani. Baadaye baba akawa anachelewa kurudi kutoka kazini, anaingia dakika chache tu kabla ya saa ya kutotoka nje, kitabu kwapani, nguo zikinuka mafuta ya taa. Hata hilo sikujiuliza. Nilikuwa naanza kufikiria kofia ya pili.

Jumamosi moja alasiri, baba akiwa zamu, akaja Mzee Owino. Huyu alikuwa mtu wa taa za reli. Zile taa zilizo juu ya nguzo, zinazomwambia dereva asimame au apite, yeye ndiye aliyezijaza mafuta na kupanguza vioo vyake, kila siku, kwa ngazi. Alikuwa mtu wa Kisumu, mwembamba, mwenye maneno machache. Alikaribishwa chai, akanywa yote, akaweka kikombe chini, akasema amekuja kuona kofia.

Aliitazama kwa muda. Akapitisha kidole kwenye suko. Akasema nyanya yangu alinifundisha vizuri. Mimi nikajaa furaha, nikamwashia.

"Ulipomaliza, uliitazama ukiwa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia pale mlangoni.

"Na mlangoni anasoma nani?"

Mama alijifanya anapanga vikombe.

Akaanza kunieleza kazi yake, taratibu, kana kwamba ameacha ile habari ya kwanza. Alisema alipoajiriwa alikuwa akipanguza kioo, akitazama taa akiwa pale pale juu ya ngazi, anaridhika, anaenda zake. Mzee aliyemfundisha akamshusha, akamtembeza kwa miguu kando ya reli mpaka mahali dereva anapotokea, akamwambia geuka. Taa ilikuwa imefifia kama jicho la mgonjwa.

"Juu ya ngazi kila taa ni kali, msichana wangu. Mimi tangu siku ile nashuka. Naenda mahali atakaa yule mwenye kuihitaji, naangalia kutoka huko. Miguu inauma, lakini naenda."

Halafu akasema lile alilokuja kulisema. "Baba yako anasoma kwangu, stoo, katikati ya madebe ya mafuta. Anasoma mpaka saa inamfukuza. Mtihani umebakiza wiki mbili. Alinikataza nisikuambie. Mimi nimekataa kukatazwa."

Nitakuwa mkweli kwako: kwanza nilikasirika. Niliona majuma yangu matatu. Nikamwambia Mzee Owino, kwa adabu, kwamba basi nitaitoa niitupe.

"Sikusema utupe. Nimesema ushuke ngazi," alijibu, akaomba chai nyingine.

Alipoondoka niliishusha, nikaenda nayo nyuma ya pazia. Nilikata ule mdomo wa chini niliouvuta ndani, nikauacha wazi, mpana. Kisha nikaanza kufumua mistari, mmoja naacha, mmoja nafumua, ili mwanga upate pa kupitia. Ilikuwa vigumu kuliko kusuka. Kila nilipotoa uzi nilimsikia nyanya na wimbi lake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutengeneza kitu makusudi ili kivuje.

Jumatatu jioni baba aliporudi, mama alimwambia kofia ya taa imesukwa upya. Baba hakuuliza. Alikaa, akafungua kitabu. Meza yote ilikuwa nyeupe kwa mwanga, na ukutani pande zote kulikuwa na vitone vidogo vya taa, kama mtu amemwaga wimbi. Alifuata mistari kwa kidole. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Ugali ulipoa, mama akanung'unika, baba akasema, akimwita kwa jina langu, "Ngoja kidogo, mama Perisi, nimefika pazuri."

Alipita mtihani. Sisemi ni kofia yangu iliyompitisha. Ni kidole chake na ubishi wake. Lakini angeanguka, ningejua kwa nini, na ningeishi na kujua huko mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, shika neno langu. Ukitengeneza kitu cha nyumbani, usikitazame tu kutoka mahali ambapo wewe unapenda kukitazama. Nenda ukakae kwenye kiti cha yule atakayekaa chini yake kila siku. Akisoma, soma. Akishona, shona. Sifa za wageni wa mchana zipokee, ni tamu, lakini usiku si wao watakaobaki na taa yako. Na jambo ulilolijua vizuri tangu utoto usiliamini kila mahali; mkono wangu wa kikapu ulikuwa mkono mzuri, ila taa haikuwa kikapu. Tena watu wanaokupenda watakunyamazia. Jifunze kusikia kitabu kikifungwa.

Mungu aibariki nyumba yako mpya. Waliomo waonane nyuso, na asiwepo mtu ndani yake wa kutoka nje kutafuta mwanga kwa jirani.

Kuna kitu kimoja sikumwambia baba, wala mama, wala Mzee Owino. Jumatatu ile, kabla baba hajarudi, mama akiwa ameenda kuchota maji, nilifunga mlango na dirisha chumba kikawa giza, nikawasha taa. Nikakaa kwenye kiti cha baba, mgongo ukutani. Siku hiyo kitabu alikuwa amekiacha nyumbani. Nikakifungua pale alipokuwa ameweka kijiti cha kiberiti, nikaweka kidole kwenye mstari, nikausoma mpaka mwisho. Nikarudisha kijiti mahali pake, nikakifunga polepole kisitoe sauti.