Pumzi ya Kasida

Harufu ya mwani uliotupwa pwani na maji ya usiku hunirudisha Shela, kijiji cha pwani karibu na mji wetu wa kisiwani, msimu ule nilipokuwa na miaka kumi na minne. Baada ya sala ya alfajiri tulitoka mjini miguu mitupu, mimi na Mbaraka, binamu yangu, tukimfuata baba yake, Ami Twalibu. Ami alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu alipokuwa jeshini, na sasa alikuwa akitutayarisha kwa mashindano ya shule. Mshindi peke yake angepelekwa Mombasa. Mimi sikuwa nimevuka maji hata kufika Mokowe, bara pale ng'ambo, na safari ile niliitaka kuliko chakula.

Mafunzo yake hayakuwa na kishindo. Tulikimbia mbali, polepole, kila siku, maji yakiwa yametoka na mchanga umeshikana, na kila juma aliongeza kipande kidogo tu cha pwani. Ili tusizidishe mwendo, alitutaka tuimbe kasida za Maulidi njia nzima. Mstari ukikatika kwa kukosa pumzi, basi umekimbia kupita kiasi. Wanawake wa Shela walitucheka: “Jamani, Maulidi ya mwaka huu yana haraka!” Lakini baada ya majuma kadhaa tuliweza kufika mbali sana na kurudi, na bado tukawa na sauti ya kuwajibu.

Mimi sikutosheka. Mwendo ule niliuona wa wazee. Nikaanza kutangulia, kimya.

“Hafidhi, mbona sikusikii?” Mbaraka aliita nyuma yangu.

“Naimba moyoni!”

Kila jioni nilirudi pwani peke yangu, maji yamejaa, nikakimbia kwenye mchanga laini unaomeza mguu. Haukupita muda mrefu, mfupa wa muundi ukaanza kuuma. Mama alinikanda kwa mafuta ya nazi akidhani ni uchovu. Ami hakudanganyika. “Hakuna kuimba moyoni, mwanangu. Pumzika.” Nikakataa. Niliogopa kwamba nikipumzika, Mbaraka atanipita.

Siku ya mashindano niliongoza hadi kwenye kigingi cha kugeuzia. Hapo mguu ukanigomea, nikaketi mchangani. Mbaraka alinifikia, akasimama.

“Inuka, twende pamoja.”

“Nenda wee! Wataka tuikose Mombasa sote?”

Alikwenda, akashinda, akaiona Mombasa. Mimi nilibaki na mguu uliofungwa kitambaa, nikilia ndani ya shuka. Kosa lilikuwa langu, na hadi leo halina mwingine wa kulibeba. Mguu ulipopona nilianza upya, kutoka kipande kile cha kwanza, nikiimba kwa sauti. Pumzi niliyoijenga wakati ule imenifikisha uzeeni. Wenzangu wengi hupumzika mara mbili wakipanda ngazi za nyumba zao. Mimi bado naiendea Shela kwa miguu.

Siku hizi pikipiki zinatupigia honi mjini, na mjukuu wangu Nasiri hukimbia na saa inayomhesabia hata mapigo ya moyo. Sina ugomvi na saa yake. Ila tukifika pwani namwambia aimbe. Yeye hutangulia, mimi nafuata kwa mwendo wangu, hadi anakuwa kama kitone mbele ya macho haya mabovu. Simuoni tena, lakini namsikia, mstari mzima bila kukatika, nami namwacha aende.