Jicho Nililolitoa Ndani ya Registre

Nianze na upumbavu wangu, ili mujue munamusoma nani. Maisha yangu yote ya kazi niliandika ndege, na siku nilipoulizwa swali moja juu ya ndege mmoja, jibu lilikuwa limekwisha kufungia karanga Vulamba nzima, mtaa wetu wa Butembo.

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kuandika ndege wa msitu, upande wa Beni, nilifika na viatu vya kanisani na diplome ya sekondari ndani ya bahasha. Chef de poste, mkuu wa kituo, mutu wa Kasai aliyehamishiwa kwetu, hakuitazama. Alinipa jumelle, ile darubini ya macho mawili, na carnet, kitabu kidogo cha mfukoni, akanipandisha hadi katikati ya mlima. Kitu kikaruka kichakani.

"Umeona nini?"

"Ndege mweusi, Chef."

"Na jicho yake?"

"Jicho ni jicho tu, Chef."

"Basi weye hapana ona ndege. Umeona makala yenye kuruka."

Makala ndiyo makaa kwetu; tangu siku ile niliandika macho. Jeusi, kijivu, au "sikuona", kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia mvua. Viatu vya kanisani vilikufa juma lile lile.

Kisha nikahamishwa Butembo, ofisini, na sitawadanganya: nilifurahi. Mimi ni mutu wa nyumbani. Nikifika Kirumba tu, humu humu mkoani, tayari naulizia gari la kurudi. Kazi yangu mpya iliitwa mise au net: kunakili carnet zote chafu ndani ya registre moja safi, daftari kubwa la ofisi, kabla ya ukaguzi. Nina mwandiko mzuri, na ndio ulioniponza. Chef de bureau, mkuu wa ofisi, alifungua ukurasa wa kwanza, akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndeko, ndugu yangu, hii ni registre ao ni barua ya mapenzi? 'Jicho yake ya kijivu'! Jina, tarehe, fasi, hesabu. Ile ingine yote, toa."

Ningeweza kubisha. Lakini alikuwa ametoka kusifu herufi zangu kubwa, basi nikatoa, nikabakiza jina, tarehe, mahali na hesabu. Carnet zilipobaki bila kazi, nilimpa jirani yangu Mama Masika, muuza karanga. Alisema karatasi yake ni nene, koni za karanga zinakaa vizuri.

Nikastaafu na registre yangu: ofisi ilifungwa, na registre hakuna aliyeitaka. Ndipo ukaja mwaliko: wapenda ndege wa Uganda walitaka nivuke mpaka, nitembee nao siku kumi, nilete orodha ya kwetu. Nikaona nivae tena viatu vya kanisani, jozi mpya.

Wasiojua kazi hii waelewe: wataalamu hawatulii. Leo ndege ni mmoja, kesho wamemugawa wawili. Kabla ya safari lazima upitie orodha yako, jina kwa jina, useme wako ni yupi. Wengi nilimaliza kabla chai haijapoa, kwa sababu fasi peke yake ilitosha: huyu wa ng'ambo ya mto, yule wa huku. Nikafika kwa ndege mweusi. Walikuwa wamemugawa: wa juu mlimani ana jicho jeusi, wa chini ana jicho la kijivu. Na sisi tulikuwa katikati ya mlima.

Registre ilinijibu kwa mwandiko mzuri sana: ndege mweusi, tarehe, fasi, hesabu.

Kurudi kule kuangalia haiwezekani. Njia ya ule msitu imefungwa na vita, na wenzangu tuliopanda nao wametawanyika au wamezikwa. Nilishika kalamu. Lile jicho la kijivu alilolicheka Chef de bureau lilikuwa la ndege yupi, sikukumbuka tena. Neno "kijivu" ni fupi, na nani angenikatalia? Nikamkumbuka yule wa Kasai na makala yake. Nikaandika: sijui.

Nilivuka hivyo hivyo. Siku ya tatu, bondeni, ndege mweusi akasimama juu ya tawi, akageuza kichwa. Jicho lilikuwa la kijivu kama majivu ya jikoni. Nikapiga kelele kama mutoto.

"Huyu! Huyu tuko naye kwetu! Nilimwona mara nyingi!"

Kiongozi wa msafara, mama mpole, alishusha jumelle yake.

"Nakuamini, mzee. Imeandikwa wapi?"

Siku saba zilizobaki nilitazama ndege wa watu. Kwenye orodha yao mpya, upande wetu wa mpaka, fasi ya jicho la kijivu ni tupu, na itabaki tupu hata mimi nikifa. Ninyi munaoanza kazi, Chef akiwaambia mutoe, nakilini pembeni. Mimi nilipenda kusifiwa.

Niliporudi nilimweleza Mama Masika yote, kule kwenye meza yake. Alisikiliza huku anasokota koni, kisha akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Pole, Papa Kavira. Lakini ile registre yako ya mwandiko muzuri, kama haina jicho, unailindia nini? Leta, karanga iko mingi."